Upande wa Mama, Hakuna

Mama yangu alikatwa titi la kushoto mwaka niliokuwa darasa la saba. Baba alikuwa ameshafariki, na dada yangu alikuwa Mbeya kwa mjomba, alikolelewa tangu mdogo, akijifunza cherehani, kwa hiyo aliyekaa naye hospitali kule Iringa mjini ni mimi. Mama alikuwa na Kiswahili cha sokoni, cha kuuliza bei na kuikataa. Cha hospitali hakuwa nacho. Nesi akiuliza, mimi namgeuzia mama kwa Kihehe. Mama akijibu, namgeuzia nesi kwa Kiswahili changu cha shule, huku nikijiona mtu mkubwa kweli.

Nesi aliuliza kama katika ukoo kuna mwanamke mwingine aliyewahi kupata uvimbe wa namna ile. Mama alitazama ukuta, kisha akasema mama yake mzazi, na baada ya mama yake, dada yake mkubwa. Bibi simkumbuki vizuri. Nakumbuka harufu ya majani yaliyokuwa yakifungwa kifuani pake, na kwamba sisi watoto tulikatazwa kuingia nyumbani kwake. Mama mkubwa namkumbuka, maana alikufa nikiwa nimeanza shule, na miezi yake ya mwisho alikuwa hawezi kulala ila kwa ubavu mmoja. Nesi aliwaandika wote wawili kwenye kadi, akaweka kalamu chini, akanigeukia mimi.

Alinifundisha palepale, juu ya sare yake mwenyewe: vidole vitatu vilale bapa, vizunguke polepole mpaka kwapani, kila mwezi damu ikishakoma. Nilikuwa na miaka kumi na minne, hata cha kushika sikuwa nacho, nikaona aibu nikatazama viatu vyake. Akaniuliza kama nina dada. Nikasema ninaye.

"Umwambie naye," akasema. "Na kila mtoto wa kike atakayezaliwa kwenu aambiwe. Msingoje liume. Hili mwanzoni haliumi."

Niliitika kama tunavyoitika shuleni jina likitajwa. Mpaka leo, nikitaka kujitetea kwamba nilikuwa mtoto, nakumbuka kwamba maneno yale niliyaelewa yote, na kwamba mama alinitegemea mimi kuyaelewa.

Tulirudi kwetu Kilolo tukiwa tumekaa mbele ya lori la pareto, mama katikati, kwa heshima ya ugonjwa. Karibu na kwetu akaniambia kwa sauti ya chini, dereva asisikie, kwamba dada asijue. Tungesema lilikuwa jipu, limepasuliwa, limepona. Sikuuliza sababu kwa kuwa niliijua. Dada alikuwa amepata mchumba huko Mbeya, kijana wa Kinyakyusa fundi wa magari, na habari za kuja kwa wakubwa wa kijana zilikuwa zimeshafika. Na wakubwa wakija, wanachunguza. Kwetu na kwao ilikuwa vilevile: watataka kujua kama kuna kifafa, kama kuna ukoma, kama kuna kichaa, na kama kuna kidonda kisichopona. Likionekana moja tu, binti anabaki nyumbani, na wadogo zake walio nyuma yake wanabaki naye. Mdogo aliyekuwa nyuma yake ni mimi. Hilo pia nililifikiria, nisijifanye malaika.

Kwa desturi angekuja shangazi wa kijana. Lakini shangazi alikuwa ameshakufa, akaja mama wa kijana mwenyewe, mjane wa Ilomba, pale Mbeya mjini, aliyekuwa akifuata mpunga Ubaruku, kuukoboa na kuuza mchele mjini. Alikuja wakati wa baridi, njegere zikiwa shambani, akiwa na debe la mchele kichwani na kanga mbili juu ya koti la kiume. Alikuwa mnene, mcheshi, sauti yake ya kumwita mtu ng'ambo ya mto. Angekaa kwetu siku tatu, apike nasi, alime nasi, ale nasi, na sisi sote tulijua kwamba kila kitu anachotazama anakipima.

Tulikuwa tumejiandaa. Siku mbili kabla hajafika mama alinikalisha nikamshonea titi. Nilichukua kipande cha kaniki, nikakijaza vitambaa vya blanketi kuukuu, nikakishona ndani ya sidiria yake ya kanisani. Likakaa vizuri, ila lilikuwa jepesi mno. Mama akitembea, la kweli linacheza na la uongo limenyooka. Mama akacheka mpaka akashika kidonda. Tukalifumua, tukatia viganja viwili vya maharage, na hapo yakalingana. Nilijisifu sana kwa kazi ile. Mama alisema dada ndiye anayejifunza ushonaji lakini fundi ni mimi.

Siku ya tatu, mgeni aliniomba nikamwonyeshe shamba la viazi. Mama alitafuta kisingizio akabaki. Ndivyo ilivyokuwa: wakubwa wanajitenga makusudi, mgeni anabaki na mdogo wa kike wa bibi harusi, na swali la kweli anaulizwa huyo. Watu wa zamani waliamini kwamba mtu mzima atalinda heshima ya nyumba yake, lakini msichana mdogo hajui bado kumdanganya mgeni aliyekula naye sahani moja. Neno lake ndilo lililobebwa kurudishwa kwa upande wa kijana. Zaidi ya lile la jipu, mama hakunifundisha la kusema. Nadhani aliona aibu kunifundisha, akaniachia mwenyewe.

Tulichimba viazi mpaka kapu likafika nusu. Kisha akaniuliza bibi mzaa mama alikufa kwa nini. Nikasema uzee. Akauliza mama mkubwa. Nikasema homa. Akauliza mama yangu alilazwa hospitali kwa shida gani, maana alisikia. Nikasema jipu, mama, limepona. Aliniangalia usoni, na mimi nikamwangalia, tena bila kupepesa. Akasema "ndaga", ambalo kwao ni asante, akachukua kapu lake. Njiani kurudi nilikuwa naimba.

Dada aliolewa baada ya mavuno. Alipokuja nyumbani kuagwa, alimwona mama amekonda, akauliza juu ya jipu, akaonyeshwa kovu la juu tu, lile la karibu na bega, kwa harakaharaka mlangoni. Mimi nilikuwepo. Maneno ya nesi nilikuwa nayo kinywani kabisa. Nikajiambia siku ya harusi si siku ya kusema mambo kama hayo, na hilo lilikuwa kweli, lakini siku zilizofuata nazo zilikuwa na sababu zake, na mwaka uliofuata nao. Dada akazaa mtoto wa kiume, kisha mwingine. Sisi kule Kilolo tukahamishiwa kijiji cha ujamaa, tukajenga upya, tukapanda miti upya. Mama akapona kabisa, akawa analima kama zamani. Nikaanza kuamini lile jipu mwenyewe.

Barua ilinikuta Iringa, chuo cha ualimu, miaka mitano baada ya harusi. Dada alikuwa amejifungua mtoto wa tatu, wa kike safari hii, naye ana miezi mitano. Aliandika kwa mwandiko wake wa kulala, akianza na salamu za kila mtu mpaka mbuzi. Halafu akasema kuna kitu kwenye titi la kulia, kigumu, cha ukubwa wa punje ya hindi, hakiumi. Kliniki waliona ni maziwa yaliyoganda, wakamwambia akande kwa kitambaa cha moto. Lakini mganga mmoja pale alimuuliza kama kwao kuna mwanamke aliyewahi kuugua titi. Kama yupo, aende hospitali kubwa wiki ile ile, wala asingoje. Kama hakuna, basi wangoje mtoto aache kunyonya, ndipo waangalie tena. "Mimi nimesema sijui," aliandika, "nikasema nitamuuliza mdogo wangu, yeye ndiye aliyekua na mama. Niandikie upesi."

Aliuliza waziwazi hivyo kwa sababu hakuwa na la kuficha. Mimi ndiye niliyekuwa nalo.

Lazima nieleze barua ilivyosomwa nyumbani kwao, la sivyo mtu ataona nilikuwa mjinga tu. Nilishawahi kwenda Ilomba likizo, nikaona. Barua ilikuja kwa sanduku la kazini kwa shemeji, naye hakuifungua njiani. Ilingoja Jumapili baada ya kanisa. Mkeka ukitandikwa uani, mama mkwe anaketi na ungo wake akichambua mchele, jirani mmoja wawili wanasogea, na shemeji anasoma kwa sauti, kuanzia anwani mpaka "wako akupendaye". Mama mkwe hakujua kusoma, lakini alipenda barua kuliko mtu yeyote niliyemjua. Sehemu tamu alitaka zirudiwe. Barua haikuwa ya dada peke yake hata kama jina lilikuwa lake. Kuichukua na kuisoma chumbani kungekuwa kama kujifungia na chakula.

Kwa hiyo nikiandika "yupo", nilikuwa namwandikia mama mkwe. Nilikuwa namwambia mbele ya majirani kwamba msichana aliyemtazama machoni shambani alimdanganya, kwamba nyumba nzima ilimdanganya, kwamba mkwewe ana damu ya kidonda kisichopona na watoto watatu wameshazaliwa kutokana nayo. Nilimwona dada akirudishwa Kilolo na mtoto mgongoni. Nilifikiria kuandika kwa Kihehe, lakini barua yenye lugha asiyoisikia, mama mkwe angetaka aelezwe neno kwa neno. Nilifikiria kupanda basi Ijumaa. Iringa na Mbeya ni safari ya siku moja, na mkuu wa chuo alikuwa mtu mwelewa, angenipa ruhusa. Sikuomba.

Mama pia sikumwambia. Nisimsingizie hata kidogo: angeambiwa, naamini angetembea kwa miguu mpaka Ilomba na kufungua blauzi yake mbele ya kanisa zima. Nilijibu mwenyewe, nimekaa bwenini, mguu mmoja juu ya kitanda. Nikaandika salamu, nikaandika habari za mtihani, nikaandika kwamba nimefurahi kupata mpwa wa kike. Halafu: "Kuhusu lile uliloniuliza, upande wa mama hakuna." Nikaweka na mkazo wa kijinga, "usiwe na wasiwasi." Nia yangu ilikuwa kufunga chuo baada ya wiki sita, niende Mbeya moja kwa moja, nimkalishe dada peke yetu nimwambie yote kwa mdomo. Wiki sita niliziona chache. Niliposhindilia ile barua kwenye sanduku la posta nilipumua kama mtu aliyetimiza wajibu.

Sasa nitasema jambo ambalo sijawahi kumwambia mtu. Chuo kilipofunga, kwaya yetu ilialikwa kuimba Mafinga, kisha Njombe, wiki mbili nzima, na mimi ndiye niliyekuwa naanzisha nyimbo. Kulikuwa na mtu kwenye besi ambaye nilitaka anisikie. Nikaenda kuimba. Tulilala kwenye nyumba za washarika, tukalishwa kuku, tukapigiwa vigelegele, na sikumbuki hata siku moja katika hizo nilipomfikiria dada kwa dakika nzima. Baada ya kwaya nikaenda nyumbani, nikamkuta mama na mahindi yako shambani, nikavuna. Likizo ikaisha. Nilifika Ilomba likizo iliyofuata, mtoto akiwa anajifunza kusimama na ameota meno manne.

Dada alinipokea akicheka. Alikuwa mzuri dada yangu, mrefu, mwenye shingo. Alinipa mtoto nimbebe, akanipeleka chumbani kunionyesha vitambaa alivyokuwa akishona, na hapo nikamwambia afungue blauzi. Alishangaa, akafungua. Ngozi ya upande wa kulia ilikuwa imekuwa nene na vishimo vidogovidogo, kama ganda la chungwa, na chuchu imevutwa ndani. Akasema mtoto alilikataa lile tangu miezi kadhaa, anamnyonyesha upande mmoja. Akasema haliumi.

Nikamwambia yote. Bibi, mama mkubwa, mama, kovu, nesi na vidole vyake vitatu. Niliongea haraka, mtoto akinivuta kola, nikijitetea katikati ya kila sentensi: barua ingesomwa uani, mama mkwe angesikia, ningekuja mapema lakini chuo, lakini mahindi. Kwaya sikuitaja. Dada alisikiliza mpaka mwisho, kisha akafunga vifungo vyake kimoja kimoja.

"Kwenye barua ungeandika lolote lile," akasema. "Lakini ungekuja."

Hakusema zaidi ya hapo, siku ile wala siku nyingine. Aliniomba kitu kimoja: niende mimi nikamwambie mama mkwe wake, kwa sababu yeye hakuwa na nguvu za kuona uso wake akiambiwa.

Nilimkuta jikoni anapepeta mchele. Nilipiga magoti, jambo ambalo nilikuwa nimeanza kuona haya kulifanya tangu niwe mwanachuo, nikamwambia. Nilingoja anifukuze. Aliendelea kupepeta kwa muda, mchele ukipanda na kushuka, kisha akauweka ungo chini taratibu.

"Mama yako alikuwa na ziwa la maharage," akasema. "Akiinama kupuliza moto nilikuwa nasikia maharage yanahama."

 Nikamuuliza kwa nini basi hakusema chochote, kwa nini alikubali posa.

"Ningesema nini, mwanangu? Mama yangu mzazi alikufa hivyohivyo kule kwetu, ziwa limeoza, tumemficha nyuma ya nyumba. Mimi nilikuja kwenu nikiomba Mungu nisiulizwe."

Halafu akaniambia lile ambalo nimekaa nalo mpaka uzee huu. Dada alipomwonyesha ile punje ya kwanza, yeye aliogopa papo hapo. Alikuwa ameshamwambia mwanawe kwamba Jumatatu wampeleke hospitali kubwa, mganga aseme asiseme. Jumapili ikasomwa barua yangu. Akataka pale pa "hakuna" parudiwe, shemeji akaparudia. Basi akajiambia kumbe lile la mama yetu lilikuwa jipu kweli, na yale maharage yalikuwa ni aibu ya mwanamke aliyeharibika umbo, hakuna jingine. Mtoto wa chuo, tena ndugu wa damu, hawezi kuandika uongo juu ya kitu kama hicho. Jumatatu hawakwenda.

Alisema bila hasira, na afadhali angenipiga. Mtu niliyemwogopa, niliyemfungia mlango wa maneno, ndiye pekee katika nyumba ile aliyekuwa ameshaamka kwenda.

Walimpeleka wiki ile. Alikatwa, akachomwa dawa, akarudi akiwa mwepesi. Nilikwenda kila likizo, nikafua, nikapika, nikamkanda mgongo, na kila alichoniomba nilikimbia kukifanya, mpaka akaniambia nipunguze, namchosha. Mama alikuja akakaa naye miezi mitatu ya mwisho. Walilala kitanda kimoja, wakionyeshana makovu kama wasichana wanaoonyeshana nguo. Mama aliniuliza siku moja, kwa nini dada alichelewa hivi kwenda hospitali, wakati mimi nilifundishwa. Nikasema kliniki walisema ni maziwa. Ilikuwa kweli, kwa hiyo ilinisaidia kudanganya vizuri. Mama aliishi miaka mingine ishirini na kitu na hakuwahi kujua habari za barua. Dada alikufa mwishoni mwa msimu wa mvua, mtoto wake wa kike akiwa hajatimiza miaka miwili, akazikwa huko Mbeya.

Baada ya matanga mama mkwe aliniita tena jikoni. Akaniomba lile la mama yake mzazi lisitoke pale. Alikuwa na wavulana wengine wawili hawajaoa. Ningeweza kumwambia kwamba siri za namna hiyo ndizo zimetuleta kwenye matanga haya. Ningeweza kumkumbusha kwamba kuna mtoto wa kike amelala chumba cha pili, mwenye damu ya kwetu na damu ya kwao, kwa hiyo analo kotekote. Lakini nilikuwa na deni kwake, au niliona hivyo. Mtu aliyenisikiliza bila kunifukuza, ningemnyimaje. Nikamwambia halitatoka.

Na halikutoka. Mtoto yule nilimlea mimi tangu alipoanza shule. Nilikuwa mwalimu Iringa wakati huo, sijaolewa bado, na yule wa besi alikuwa ameshaoa mwingine. Alipovunja ungo nilimfundisha vidole vitatu. Nilimwambia mama yake alikufa kwa saratani ya titi, na baadaye, kwa shida, nikamwambia ya mama yangu, ya bibi na ya mama mkubwa. Nilijiona nimetimiza. Upande wa baba yake alidhani ni safi, na mimi nilimwacha adhani, hata bibi yake wa Ilomba alipokufa, hata baba zake wadogo wote walipokwisha kuoa na kupata wajukuu.

Sasa ni mtu mzima, anafanya kazi maabara, anajua mambo haya kuliko niwezavyo kufuata. Mwaka huu amejiunga na utafiti ambao wanachukua damu ya wanawake wa ukoo mmoja, wazima na waliougua, kuangalia nani aanze kupimwa mapema. Nikamuuliza kama wanatafuta ile jeni mbovu inayorithiwa. Akasema hiyo wanaiangalia, lakini hawa wanaangalia na kitu kingine, alama zinazokaa juu ya jeni. Alinieleza kwa namna ya kumweleza mwalimu mstaafu: jeni ni maandishi ya kitabu, hayabadiliki kirahisi, lakini maisha yanapita na penseli, yanaweka alama pembeni, hapa soma, hapa ruka. Chakula, moshi, pombe, uzazi, umri, kila kimoja kinaweza kuacha alama. Wakizisoma alama hizo kwenye damu, wanatumaini siku moja wataweza kumwambia mwanamke hatari yake kabla punje haijaota. Bado wanajaribu, akasema, hakuna anayeahidi kitu.

Nilikaa na maneno hayo siku nyingi. Nilijiuliza moshi wa jikoni kwa bibi uliandika nini, na ile baridi, na zile njaa. Nilijiuliza kama miezi ile dada aliyongoja kwa sababu yangu iliandikwa mahali. Najua siyo sayansi. Najua pia kwamba hawana mashine ya kusoma mtu aliyesema uongo, na nilishukuru, halafu nikaona aibu kwamba nimeshukuru.

Aliniomba nitoe damu na mimi, kwa kuwa mimi ndiye mwanamke mzee kuliko wote waliobaki upande wa mama yake. Tulikaa pamoja mezani kwa muuguzi, msichana mwenye fomu. Damu baadaye, alisema, kwanza maswali, maana alama peke yake haisemi kitu kama hawajui ukoo. Upande wa mama tulijaza vizuri, mstari baada ya mstari, mpaka karatasi ikajaa na muuguzi akapunguza sauti kwa huruma. Kisha akauliza upande wa baba: bibi, mama wa bibi, mashangazi.

"Upande wa baba hakuna," mtoto wa dada yangu akasema, na muuguzi akaanza kuandika.

"Yupo," nikasema.

Kalamu ikasimama. Nikamtaja: mama mzazi wa bibi yake wa Ilomba, ziwa la upande gani sijui, alifichwa nyuma ya nyumba. Mtoto wa dada yangu aligeuka na kiti chake chote. Hakupaza sauti, hana desturi hiyo, amechukua kwa mama yake.

"Umejua tangu lini, mama mdogo?"

"Tangu ulipokuwa unanyonya."

 Muuguzi aliinamisha uso kwenye fomu.

"Nina mabinti wawili," mtoto wa dada yangu akaniambia, kana kwamba siwajui.